Maneno Marefu Nyuma ya Uzio wa Matete

Casimir alikuwa fundi wa motere za boti kule Baraka, mji wa kando ya ziwa. Asubuhi, wavuvi wakirudi na ndakala, wale dagaa wa ziwani, walimkuta ufukoni, amekaa juu ya ndoo, motere ya mtu imefunguliwa mbele yake. Alijua motere kwa mlio. Boti ikiwa bado mbali ziwani, alisema:

"Ile ni ya Swedi. Buji yake imechoka."

Boti ilipofika, walifungua motere. Kweli, buji, ile plagi ya kuwasha moto, ilikuwa nyeusi kama kaa.

Mke wake aliitwa Ketsia. Alilima mihogo na kuuza unga sokoni. Walikuwa na watoto watatu. Wa nne alikuwa tumboni, mwezi wa saba. Hawakuwa matajiri, lakini Jumapili walienda kanisani wote wakiwa na viatu. Kwa hilo Ketsia alimshukuru Mungu.

Mwaka huo kazi ilipungua. Mafuta yalipanda bei. Wenye boti wengine walihamia Kalemie. Siku nyingine Casimir alikaa juu ya ndoo yake mpaka saa nane mchana bila mtu kumwita. Rafiki zake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda Misisi, kuchimba dhahabu.

Siku moja, wakiwa wanakula, alisema bila kumtazama mke wake:

"Mama Vainqueur, mwezi ukiisha bila kazi, na mi nitaenda Misisi."

Vainqueur ni mtoto wao wa kwanza. Ndiyo sababu alimwita hivyo.

Ketsia aliacha kula. Kaka yake Jacques alienda Misisi miaka mitano iliyopita. Alituma habari mara mbili, kisha kimya. Mpaka leo hakuna anayejua kama yuko hai, ao shimo lilimfunika.

"Na huyu wa tumboni?" aliuliza. "Atazaliwa baba yake iko wapi?"

Casimir alinawa, akatoka.

Wiki ile ile habari ilienea ufukoni. Shirika moja la afya lilikuwa limeleta boti mpya. Kazi yake ni kuchukua wagonjwa wa vijiji vya Ubwari na kuwaleta hospitali ya Baraka. Walitafuta mtu mmoja anayeweza kuendesha boti na pia kutengeneza motere. Casimir alikimbia kuandikisha jina lake.

Msimamizi wa boti hiyo alikuwa mama mzungu mwenye nywele nyeupe, Madame Maureen. Kiswahili hakukijua. Kifaransa alikijua kidogo tu. Karani wa ofisi, Norbert, ndiye aliyemtafsiria.

Kwanza walimpa Casimir motere iliyokufa. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga, akavuta kamba. Ikaunguruma. Madame Maureen alipiga makofi.

Kisha alimpa karatasi ya Kiingereza. Norbert alisema:

"Soma kwa sauti. Kisha eleza ile yenye umesoma."

Casimir alimaliza shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari. Herufi alizijua. Alianza neno la kwanza, "emergency", maana yake hatari ya ghafla. Alilisoma kama mtu anayesoma Kiswahili:

"E-me-ri-GE-nsi."

Msomaji, katika hadithi hii kipande cha neno kikiandikwa kwa herufi kubwa, ndicho kinachosemwa kwa nguvu. Sisi tunaosema Kiswahili tunaweka nguvu karibu siku zote mahali pamoja: kwenye kipande cha kabla ya mwisho. Tunasema ba-RA-ka. Tunasema u-BWA-ri. Tunasema mu-TO-to. Casimir alisoma Kiingereza chote hivyo, na kila kipande kilichobaki alikitamka wazi, kimoja kimoja.

Madame Maureen aliinama, akaweka mkono nyuma ya sikio. Casimir akarudia. Akarudia tena. Jasho lilimtoka. Neno refu la tatu lilimshinda kabisa, akakwama katikati yake.

Mama yule hakumcheka. Alisema polepole, na Norbert akatafsiri:

"Anasema amependa mikono yako. Lakini kitabu ya boti iko mu Kiingereza. Na kwa redio utasemaka naye Kiingereza. Kama uko ziwani na mugonjwa, unaita, na yeye hasikii ile unasema, nani atakusaidia? Rudi baada ya wiki mbili. Atakupa ukurasa mwingine. Ukishindwa, atakamata muntu mwingine."

Akimuaga, Madame Maureen alijaribu kusema kwamba anaupenda mji huu. Alisema "BA-ra-ka". Vijana waliokuwa mlangoni walicheka chinichini. Hata Casimir alicheka kidogo, pamoja na huzuni yake.

Nyumbani alirusha kofia juu ya kiti.

"Ni maneno gani ile? Neno moja refu kama treni ya Kalemie! Unaanza kulisoma asubuhi, unamaliza jioni. Basi. Nitaenda Misisi."

Ketsia alikuwa anachekecha unga. Alisema, kama mtu anayesema habari ya mvua:

"Mama anajua Kiingereza."

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Casimir alijua ni kweli. Mama mkwe wake, Mama Espérance, alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko alifanya usafi katika hospitali ya kambi, na saa za mchana alisoma Kiingereza katika darasa la watu wazima. Alisoma miaka mitatu bila kukosa, akiwa tayari mjane. Mwaka uliopita alirudi nyumbani. Sasa alikaa kiwanja cha nyuma. Kati ya viwanja viwili palikuwa na uzio wa matete tu.

Lakini katika familia yao, kama katika familia nyingi za huko, mkwe mwanaume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawakai mkeka mmoja. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha.

"Nikae mbele ya mukwe wangu kama mutoto wa kalasi ya kwanza?" Casimir alisema. "Nifungue kinywa, yeye aangalie meno yangu? Haiwezekane, Mama Vainqueur."

"Basi nitakuwa mi njo mujumbe," Ketsia alisema. "Mama ananiambia, mi nakuambia."

Wakajaribu hivyo. Ketsia alizunguka kwa njia ya barabara mpaka kwa mama yake, akasikiliza neno, akarudi na tumbo lake mbele.

"Anasema ni i-ma-JE-nsi."

Casimir alilisema kwa nguvu. Sauti ya Mama Espérance ikatoka nyuma ya matete:

"Hapana! Haina vile!"

Ketsia akarudi tena. Alienda na kurudi mara nne. Mara ya tano alikaa chini, akavua ndala.

"Miguu yangu imevimba. Neno linatoka kwa mama na uzito yake. Nikifika hapa uzito imebaki mu barabara."

Nyuma ya uzio hatua zilisogea karibu. Kisha Mama Espérance akasema kwa sauti, lakini akimwambia binti yake, si mkwe:

"Ketsia! Ile heshima yetu inasema bwana yako asinione uso, na tusikule pamoja. Haikusema asisikie kinu yangu. Mwambie kesho saa kumi na moja akae karibu na matete, anipe mugongo. Alete na kazi yake, mikono isikae bure. Mi nitaponda sombe."

Kesho yake saa kumi na moja jioni, Casimir alikaa, mgongo kwa uzio, kabureta juu ya magoti yake. Upande wa pili Mama Espérance aliweka majani ya muhogo katika kinu. Kwanza aliomba kwa sauti ndogo, kama alivyofanya kabla ya kila kazi. Kisha akasema:

"Ketsia, mwambie bwana yako aweke mukono chini ya kidevu."

Ketsia hakuhitaji kumwambia. Casimir alikuwa ameshaweka.

"Aseme jina la muji wetu. Kidevu kinashuka mara ngapi?"

"Ba-ra-ka," Casimir alisema polepole. "Mara tatu."

"Basi neno liko na vipande tatu. Kila kipande kiko na sauti moja ya kufungua kinywa. Kiingereza ni vile vile. Neno likiwa refu, usiogope urefu wake. Hesabu vipande kwanza. Aseme emergency."

"I... ma... jen... si. Mara ine."

"Vipande ine. Sasa asikilize kinu."

Mchi ulipiga: mara moja polepole, mara moja kwa nguvu mpaka ardhi ikatikisika, kisha mara mbili polepole. Akasema pamoja na mchi:

"i-MA-jen-si. Ni pigo moja tu yenye nguvu. Ile ingine ni ndogo, mchi unagusa tu. Sisi tunapiga nguvu kabla ya mwisho. Bafaransa wanapenda mwisho. Kiingereza nguvu yake inahama. Kila neno liko na fasi yake."

Casimir alirudia. Mchi ukamfuata. Mara ya kwanza nguvu ilikimbilia tena kipande cha kabla ya mwisho.

"Ile ulisema ni Kiingereza ya Baraka," Mama Espérance alisema. "Tena."

Ketsia alicheka mpaka akashika tumbo. Mara ya sita, mchi na kinywa vilipiga pamoja. i-MA-jen-si. Casimir aligeuza kichwa kwa furaha, akakumbuka, akarudisha uso haraka kwenye kabureta.

"Nimesikia," alisema. "Iko kama motere. Mlipuko mukubwa moja, kisha inavuta pumzi."

"Njo vile," sauti ilijibu nyuma ya matete. "Na mwambie asicheke yule mama muzungu tena. Nilisikia vijana wanamuiga barabarani, BA-ra-ka, BA-ra-ka. Na yeye anabeba nguvu ya luga yake kuiweka mu yetu. Kosa yake na ya bwana yako ni moja. Kila muntu anaingia mu luga ya wengine na viatu vya kwao."

Siku ya pili na ya tatu walifanya maneno ya boti. Abiria ni "passenger", vipande vitatu, nguvu mwanzoni: PA-sen-ja. Kizima moto ni "extinguisher", vipande vinne, nguvu kwenye cha pili: eks-TING-gwi-sha. Casimir alisema kila moja mara kumi. Kile kipande dhaifu alijifunza kukimeza kidogo, asikitamke chote kama anasoma kwa watoto.

Siku ya nne Mama Espérance alileta jambo jipya.

"Bwana yako anajua kukata samaki?"

"Anajua sana," Ketsia alisema.

"Basi. Kuhe mukubwa hukati ovyo ovyo. Unatafuta kiungo. Kichwa, mwili, mukia. Neno refu ya Kiingereza mara mingi ni vile. Kichwa kidogo mbele, mwili katikati, mukia nyuma. Ukitambua kichwa na mukia, mwili unabaki mufupi, hata we unaujua."

Casimir alitikisa kichwa.

"Hiyo ni ngumu, Mama Vainqueur. Mwambie mama, hiyo ni ngumu sana kwangu."

"Ngumu gani?" Mama Espérance alisema. "Ketsia, muite Chérie."

Chérie ni mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka mitatu. Alikuwa anacheza na mchanga karibu na mlango.

"Chérie, bibi anakuuliza. Motere ikiharibika, na pirogi ya makasia hakuna, tutasafirishwa leo?"

"Hatutasafirishwa," mtoto alisema, akaendelea na mchanga wake.

"Umesikia?" Mama Espérance alisema. "Hatutasafirishwa! Ha, inakataa. Tu, ni sisi. Ta, ni mbele, bado. Safiri, njo mwili. Ish, ni kwamba muntu mwingine anatufanyia. Wa, ni sisi tunafanyiwa. Vipande vyote ile, mutoto wa miaka tatu anavisema na mchanga mu mukono. Na baba yake anaogopa Kiingereza, yenye iko na kichwa moja na mukia moja!"

Casimir aliweka kabureta chini. Hakuwahi kuona hivyo. Lugha yake mwenyewe ilikuwa na maneno marefu kuliko ya Madame Maureen.

Jioni ile alijifunza vichwa. "Un" mbele ya neno inakataa ao inapindua, kama "ha" yetu. "Re" inasema tena. "Over" inasema kupita kiasi. Mzigo ni "load". Kupakia kupita kiasi ni "overload".

Kisha mikia. Mkia "able" unasema kitu kinawezekana ao kinafaa. Mkia "less" unasema kitu kimekosekana.

"Na mukia unaonyesha nguvu iko wapi," Mama Espérance alisema, mchi juu. "Mukia wa *tion*, unasikika *shen*. Nguvu inakaa mulango yake, kipande kiko mbele yake tu. na-vi-GEI-shen, kuongoza boti. in-STRAK-shen, maagizo. Mukia wa *ity*, vilevile, nguvu inakaa mbele yake. ka-PA-si-ti, uwezo wa kubeba. Lakini mikia ingine ni mipole. *Able*, *less*, *ing*, *ment*. Ile haigusi nguvu. Mwili ulipigwa fasi gani mbele ya kupata mukia, unabaki kupigwa fasi ile ile. o-va-LOUD. o-va-LOU-ding. Nguvu haikuhama."

Siku zilienda. Sombe ilipondwa kila jioni, na iliyopondwa lazima ipikwe. Siku ya nane watoto walikataa.

"Sombe tena?" Vainqueur alilia. "Mama, baba atajua Kiingereza siku gani?"

Hata jirani yao wa kushoto, Munira, mke wa mwenye duka la sabuni, alichungulia juu ya ukuta wake.

"Mama Espérance, shikamoo! Sombe gani hii haina kuiva? Siku nane kinu kinalia. Munaozesha muntu?"

"Marahaba, mwanangu. Tunafundisha mukwe."

"Kwa kinu?"

"Kwa kinu."

Munira alicheka mpaka mtandio ukateleza. Akapotea, akarudi na rundo kubwa la majani ya muhogo, akalipitisha juu ya ukuta.

"Basi muponde na ya kwangu. Masomo isipotee bure."

Toka siku hiyo alisimama pale kila jioni akisubiri sombe yake, na alisema maneno kabla ya Casimir.

Siku ya kumi Casimir alikasirika. Alikuwa na swali la fundi, na swali hilo lilimkera tangu asubuhi. Motere kwa Kiingereza ni "engine". Mashine ni "machine". Ni maneno mawili ndugu, yote ya chuma, yote yana vipande viwili. Lakini moja ni EN-jin, nguvu mbele, na jingine ni ma-SHIN, nguvu nyuma. Hayana kichwa wala mkia wa kuonyesha njia. Alikosea mara tano. Mara ya sita alipiga bisibisi chini.

"Sasa, mama, hii Kiingereza iko na sheria ao haina?"

Mchi ulisimama. Ketsia alishika kinywa. Munira juu ya ukuta aliacha kutafuna. Kwa miaka tisa ya ndoa, Casimir hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake neno moja uso kwa uso, ao hata mgongo kwa mgongo.

Casimir aliinamisha kichwa.

"Munisamehe," alisema.

"Hakuna kosa," Mama Espérance alijibu, naye akamjibu moja kwa moja. Sauti yake ilikuwa ile ile, ya kutulia. "Umeuliza vizuri. Haina sheria kwa maneno yote. Na mi kule Nyarugusu nililia ju ya ile. Mwalimu alisema, maneno mafupi ni kama majina ya watu. Hauulizi kwa nini muntu anaitwa Jafari. Unajua tu ni Jafari. Yale marefu yenye vichwa na mikia, njo sheria inasaidia. Ile ingine, unauliza muntu anajua, ao unafungua kitabu."

Aliingia ndani. Mkono mmoja ulitokea juu ya matete, umeshika kamusi iliyofungwa na gundi. Ketsia aliipokea.

"Muangalie karibu na kila neno, mu mabano," sauti ilisema. "Kuna kialama kidogo, kama kipande cha unywele. Kiko mbele ya kipande chenye kupigwa na nguvu. Kitabu kitamwambia hata kama mi siko."

Casimir alifungua, akatafuta "machine". Aliona kialama. Alitafuta "engine". Kialama kilikuwa mbele kabisa. Alisoma kamusi ile mpaka jua likazama.

"Casimir," Mama Espérance alisema. Alilitaja jina lake kwa mara ya kwanza. "Mwanangu Jacques alienda Misisi. Nilimpa baraka yangu kwa simu, aende. Wewe sitakupa. Soma."

Siku ya mtihani ofisi ilikuwa na watu watatu wengine wanaotaka kazi ile. Mmoja alisoma chuo Uvira. Casimir alivaa shati lake la kanisani. Madame Maureen alimpa ukurasa mpya, kama alivyoahidi.

Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Hakukimbia. Neno likiwa refu, alisimama kidogo mbele yake, akalikata kwa macho, kisha akalisema. Mguu wake wa kulia uligonga sakafu kila penye nguvu. Norbert aliangalia mguu ule, akashangaa. Madame Maureen hakuweka tena mkono nyuma ya sikio.

Halafu, katikati ya ukurasa, alifika kwenye neno ambalo hakuwahi kuliona: "unserviceable".

Kidole kilisimama. Norbert alimtazama kwa huruma. Yule wa Uvira alikohoa.

Casimir alitafuta kiungo. Kichwa: "un". Inakataa. Mkia: "able". Kitu kinafaa. Akaviondoa vyote viwili kwa mawazo. Katikati ilibaki "service". Neno hilo alilijua toka Kifaransa, hata sokoni watu wanalisema. Na mkia wa "able" ni mpole, hauhamishi nguvu. Nguvu ingekaa pale kamusi ilipoonyesha kialama cha "service": mwanzoni mwa mwili.

Mguu ulipiga.

"An-SA-vi-sa-bol," alisema.

Madame Maureen aliinua kichwa.

"Eleza," Norbert alisema.

"Ni kintu hakifai tena kufanya kazi."

"Kama nini?"

Pembeni palikuwa na rundo la jile, zile nguo za kuelea ambazo abiria huvaa ziwani. Casimir aliziendea. Aliinua moja moja, akavuta mikanda, akabonyeza ndani. Mbili alizitupa kando.

"Kama hii. Na hii. Ukanda imeoza. Muntu akivaa hii anajidanganya tu."

Norbert alitafsiri. Madame Maureen alichukua jile moja, akavuta mkanda kwa vidole viwili. Ulikatika. Alisema maneno machache.

"Anasema," Norbert alisema, "yeye mwenyewe alizihesabu jana, hakuona. Unaanza Jumatatu."

Casimir alirudi nyumbani mbio. Alipofika aliita "Mama Vainqueur!" mara moja tu, na kilio cha furaha cha Ketsia kilisikika viwanja vitatu. Nyuma ya matete Mama Espérance alipiga magoti palepale alipokuwa, akamshukuru Mungu. Kisha alisema kwa sauti:

"Ketsia! Leo mupike nyama."

Sasa Mama Espérance anafundisha akina mama wanane, kila Alhamisi, katika chumba cha kanisa. Munira naye anakuja, anakaa karibu na mlango. Wengine wanataka kusoma dawa za watoto. Wengine wana ndugu ng'ambo. Anawaambia wote kitu kimoja: usiliogope neno kwa urefu wake. Weka mkono chini ya kidevu, hesabu vipande. Tafuta kichwa na mkia. Uliza nguvu iko wapi. Kama hujui, fungua kamusi.

Na Casimir anavuka ziwa. Wiki ya tano ya kazi, alichukua mama mjamzito kutoka kijiji kimoja cha Ubwari. Damu ilikuwa inamtoka. Upepo ulikuwa mkali. Katikati ya safari Casimir alishika redio, akasema kwa Kiingereza ni hatari ya ghafla, akasema abiria ni wangapi, na dakika ngapi zimebaki. Alisema mara moja tu. Sauti ya Madame Maureen ikajibu palepale kwamba amesikia. Boti ilipogusa mchanga wa Baraka, machela na wauguzi walikuwa wamesimama majini tayari. Mama yule alipona, na mtoto wake alipona.

Siku tisa baadaye uchungu ulimshika Ketsia mwenyewe, saa nne asubuhi. Casimir alikuwa ufukoni anabadilisha mafuta ya motere. Alikimbia mpaka hospitali bila kofia. Alipofika mlango wa chumba cha wazazi, alisikia mtoto analia ndani. Alisukuma mlango kuingia.

Muuguzi alimzuia kifuani kwa kiganja.

"Baba, unaenda fasi gani na mikono ile? Kwanza unawe!"

Casimir aliangalia mikono yake. Ilikuwa nyeusi mpaka viwiko. Alikimbia kwenye bomba, akasugua kwa sabuni, akarudi na maji yakimdondoka. Wakampa binti yake.